Haidroliki imekata mkiwa mnatua na jeti ndogo ya Citation, mnaanzia wapi?

Rubani_Mdogo:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana tangu jana sijalala vizuri. Niko kwenye mafunzo ya Citation II, jana ilikuwa simuleta, mwalimu kanikalisha kushoto tunaingia Nairobi, ile nashusha matairi tu taa ya haidroliki (presha ya mafuta inayosukuma vitu kama matairi) hiyoo, matairi yamegoma. Nikavuta ule mpini wa dharura yakaanguka yenyewe, taa tatu za kijani zikawaka kwamba yamejifunga, moyo ukatulia. Tumegusa runwei vizuri tu, nikakumbuka sina haidroliki, basi nikavuta ule mpini mwingine mwekundu wa breki ya dharura, nikavuta kwa nguvu zote, nikaachia, nikavuta tena, kama konda na dereva wake kwenye daladala iliyokufa breki. Tairi zikapasuka tukaenda majanini. Mwalimu kazima mashine akaniambia "nenda kafikirie".

Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Nyie mnaoishi na hizi ndege mnaanzia wapi? Na kosa langu lilikuwa lipi, maana nahisi ni zaidi ya moja.

Kapteni_Mstaafu:
Kijana, swali moja kwanza. Kabla hujavuta huo mpini mwekundu ulikanyaga breki za kawaida?

Rubani_Mdogo:
Shikamoo mzee. Hapana sikukanyaga, nilijua haidroliki imekwisha basi na breki zimekwisha. Ila miguu ilikuwa juu ya pedali, nakumbuka nilikuwa nimezikaza kwa woga.

Kapteni_Mstaafu:
Marahaba. Basi ulikuwa na breki nzima kabisa chini ya viatu vyako na hukuijaribu.

Kwenye hiyo ndege haidroliki kubwa inafanya kazi ya matairi, spidi breki (vibao vya juu ya bawa vya kupunguza mwendo) na rivasa (inayogeuza msukumo wa injini kuwa breki). Breki za magurudumu zina mfumo wake pembeni, zina pampu yake ya umeme na tangi lake dogo la mafuta. Flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kutulia polepole, ni za umeme. Usukani wote ni nyaya za chuma kutoka mkononi mwako mpaka kwenye bawa. Kwa hiyo ulichopoteza jana ni matairi kushuka kwa kawaida (na ulishayashusha), spidi breki, na rivasa. Umefika chini umebaki na flapsi, breki na hata mfumo wa kuzuia tairi zisijikaze. Wewe ukaiacha hiyo yote ukakimbilia ule mpini mwekundu, yaani chupa ya gesi ya naitrojeni ambayo haina huruma, inakaza kushoto na kulia sawasawa na haijui tairi imeshaacha kuzunguka.

Na hata siku breki za kawaida zikifa kweli, ule mpini hauupampu. Kila ukiachia naitrojeni inatoka nje hairudi, na chupa ni hiyohiyo moja inayosukuma matairi yakikataa kujifunga. Unavuta taratibu mpaka uisikie ndege inashika, unashikilia hapohapo. Miguu iwe chini sakafuni, maana ukikanyaga pedali wakati huohuo ile valvu ya kugawa inaweza kuchanganyikiwa, hewa ikaingia kwenye mabomba ya mafuta na kupasua tangi la breki. Limo kwenye cheklisti, walioliandika hawakukosa kazi.

Fundi_Hanga:
Mzee kamaliza, mimi naongeza ya huku chini ya bawa. Watu wanauliza kwanini hii kitu hupenda kutokea mnapotua. Kwenye hizi Citation za zamani mafuta ya haidroliki yanazunguka tu bila presha muda wote, mpaka muombe kitu ndo presha inapanda mpaka kama 1,500 psi. Kwa hiyo hose iliyochoka itakaa kimya safari nzima, mnashusha matairi, pwaa, hapohapo.

Dawa ni asubuhi ukizunguka ndege uiname. Skydrol, hayo mafuta ya haidroliki, ni zambarau, ukiona doa la zambarau kwenye shimo la tairi usijifanye ni maji ya kuoshea. Usiiguse na kidole halafu ujifute jicho, mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza nikalia kama mtoto, inawasha kuliko pilipili na rangi ya ndege inaibandua vilevile.

Mpita_Njia:
Jamani mimi sio rubani ila nilisoma ile ajali ya ndege kubwa ya abiria DC-10 ya Marekani 1989, Sioux City, haidroliki zote tatu ziliisha wakawa wanaendesha kwa kuongeza na kupunguza injini tu. Sasa nyie mnasema usukani unafanya kazi?

Kapteni_Mstaafu:
Ndugu ile ni ndege nyingine kabisa. DC-10 nguvu za mtu hazitoshi kusogeza yale mabawa ya usukani, ndio maana haidroliki ikiisha yote usukani ni pambo. Walikuwa 296 ndani, walionusurika 184, na marubani wengi hapa duniani wakijaribu wangetua na sifuri. Citation ndogo unaishika kwa misuli yako. Ukiwa angani huna shida yoyote, shida inakusubiri chini, inaitwa urefu wa runwei.

CJ_Nairobi:
Wazee ngoja niweke kiraka. Msimfanye kijana adhani jeti zote ndogo ni hivyo. Mimi niko kwa CJ (CitationJet, nayo jeti ndogo), hapa flapsi ni za haidroliki, ikienda unatua bila flapsi, spidi juu na runwei inalika kama mandazi. So kila ndege na kitabu chake.

Na kitu moja hamjamwambia, Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Geji ya spidi ikisema noti 110, siku ya jua na bila upepo chini unaenda zaidi ya 120, na joto la breki linapanda kwa mraba wa spidi. Kama ulikuwa unaenda Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, sahau hiyo Wilson, runwei haifiki hata mita 1,600. JKIA, uwanja mkubwa wa kimataifa, iko hapo kando na mita 4,100 na ushee. Kuna mtu ataona aibu eti gari la abiria linamngoja Wilson, wacha lingoje.

Kapteni_Mstaafu:
Hapo umesema. Kijana, mwalimu wako alikupa mafuta kiasi gani?

Rubani_Mdogo:
Ya saa moja na nusu mzee. Nilitoka kwenye taa mpaka kugusa chini sidhani kama dakika sita zilifika.

Kapteni_Mstaafu:
Saa moja na nusu ya mafuta, injini mbili zinanguruma, umekimbizwa na nani? Panda juu, zunguka, mwenzako asome cheklisti kwa sauti wewe uendeshe tu, waambie taua (waongoza ndege) mnataka runwei ndefu na zimamoto wakae tayari. Ndege hii haiwezi kumwaga mafuta angani, kwa hiyo kuzunguka kwenyewe kunakupunguzia uzito. Na ukiwa bado juu kubalianeni kwa mdomo: tunaanza na pedali, zisiposhika nasema "mpini" ndio navuta.

Fundi_Hanga:
Na ukisimama umesimama. Usianze kuteksi kwenda kupaki kistaarabu, tairi zimeshuka kwa dharura, subiri tuje na pini za kuyafunga yasijikunje.

Rubani_Mdogo:
MREJESHO: leo kanipa ileile, tena kaanza na Wilson. Nikaomba JKIA, tumezunguka dakika 25 mpaka yeye akaanza kupiga miayo. Tumegusa, nikakanyaga pedali, zikashika, ndege ikasimama katikati ya runwei kama gari la shule. Mwalimu akajifanya taua, akaniambia toka haraka kuna Boeing nyuma yako. Nikamjibu aizungushe hiyo Boeing na waniletee trekta.