Nimepata nafasi ya kusomea virusi Ujerumani, mamangu anaogopa. Niende?

Msubiri_Feri: Assalam alaikum wanabaraza. Nakaa Kisauni, nina digrii ya baiokemia na ni mwaka wa pili sasa nafundisha tuisheni. Nimepata nafasi ya uzamili Ujerumani, udhamini upo. Maabara yao inatengeneza vekta: unachukua kirusi, unakivua jeni zinazokifanya kizaane, unakipakia jeni ya tiba, kiwe mkokoteni wa kuifikisha ndani ya seli. Chetu ni lentivairasi, kimetokana na kirusi cha ukimwi. Mamangu aliposikia hilo neno alikaa kitako. Jibu linatakiwa Ijumaa. Nifanyeje?

KaimatiMoto: Nenda. Ila ukirudi likizo sanduku ulifungulie Mikindani huko, sisi wa Majengo tumebanana.

Baharia_Mstaafu: Nilishuka Hamburg Februari 1986. Yakhe, ile si baridi, ni adhabu. Nikanunua koti la mitumba, mfukoni nikakuta meno ya bandia, ya juu tu. Nililivaa hivyo hivyo. Wewe unakwenda mji gani?

Ummu_Swafiya: Mwanangu, radhi ya mzazi kwanza. Vyeti havifuti chozi la mama.

Nesi_wa_Zamu: Mamako mwambie hivi: kinachobaki pale ni ganda, hakiwezi kuzaana wala kumpa mtu ukimwi. Sisemi ni kazi ya mchezo. Mwaka 1999 kule Marekani kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikufa siku nne baada ya kutiwa vekta ya kirusi cha aina nyingine, adenovairasi. Lakini hofu ya mama haina tarehe. Ijumaa kuna nini?

Msubiri_Feri: Nimeshasema, jibu la chuo.

Nesi_wa_Zamu: Chuo unakijibu kwa barua pepe dakika mbili. Kuna nini Ijumaa?

Msubiri_Feri: Sawa. Nina mdogo wangu, miaka tisa, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama alipokataa nikamwambia kirusi hicho hicho ndicho kinachotibu ugonjwa wa Abdu, na nikifika kule huenda naye akatibiwa. Hofu ikaisha siku ile ile. Sasa ndiye anayenisukuma. Amechukua arubuni ya ploti ya marehemu baba, Mtwapa, na mnunuzi analeta zilizobaki Ijumaa. Sikusema uwongo jamani. Nilisema inshallah.

KaimatiMoto: Inshallah ya fundi cherehani hiyo.

Nesi_wa_Zamu: Tiba ya lentivairasi kwa selimundu ipo kweli. Marekani waliiidhinisha Desemba 2023, inaitwa Lyfgenia. Wanakutoa seli za uboho, wanazitia jeni huko nje, wanakuchoma dawa kali za kusafisha uboho wako wa zamani, ndipo wanakurudishia. Imeidhinishwa kuanzia miaka 12. Lebo yake ina onyo la saratani ya damu. Bei yake dola milioni 3.1, kama shilingi milioni 400 za kwetu. Hiyo ploti ni Mtwapa au ni Mtwapa yote?

Msubiri_Feri: Bei naijua. Lakini mtu ukiwa ndani ya maabara unajuana na watu, majaribio yanafunguliwa. Na pesa za ploti zingesaidia nauli na matibabu ya hapa na pale. Nyinyi hamjamwona Abdu usiku wa mvua. Anakaa barazani miguu imezongwa leso ya mama, halii, anaangalia kikombe. Ni kikombe cha plastiki nimekichora mistari ya kalamu, kila mstari anatakiwa aumalize kabla ya adhana inayofuata.

Ummu_Swafiya: Maskini. Mpeni asali na habasoda.

Nesi_wa_Zamu: Mpeni haidroksiurea, dawa ya selimundu, na asikose kliniki. Anatumia?

Tapeli_Hapiti: Subirini kwanza. Kila ukibanwa hadithi inaota mkia. Mara mama, mara mgonjwa, mara ploti, kikombe juu. Posti inayofuata ni namba ya paybill. Weka barua ya chuo hapa.

Baharia_Mstaafu: Na mji hataji. Nimeuliza.

Msubiri_Feri: Siweki barua yenye jina langu. Na mchango sitaki hata bob.

KaimatiMoto: Hata mimi nilianza kutafuta simu. Karibu nilie bure.

Nesi_wa_Zamu: Nami nimuulize moja. Alipougua mara ya kwanza ilikuwaje?

Msubiri_Feri: Miezi saba. Alivimba viganja na nyayo, vidole kama soseji. Bibi akasema ameng'atwa na mdudu, tukampaka mafuta ya nazi siku tatu.

Nesi_wa_Zamu: Huyu anasema kweli.

Tapeli_Hapiti: Hata hayo yako kwenye intaneti.

Nesi_wa_Zamu: Ya mafuta ya nazi hayapo. Kijana, nenda kasome, hilo halina ubishi. Arubuni irudi leo. Haidroksiurea hujanijibu.

Msubiri_Feri: Anaitumia, ikiwepo. Arubuni mama ameshanunua sweta. Mbili. Moja ya Abdu, na kofia.

KaimatiMoto: Ya Rabbi.

Msubiri_Feri: Ananiita nije nione kama inamtosha. Narudi.

Baharia_Mstaafu: Sweta hazitoshi, atafute koti. Ni mji gani?