James Madison: tunalea sisi, wanavuna wakubwa. Halafu mnaota ACC?

Wakuu, nimechoka. Tangu Oregon watupige 51–34 kwenye mtoano wa futiboli ya vyuo vya Marekani tarehe 20 Desemba 2025, kila uzi humu ni wimbo mmoja: "Sun Belt (ligi yetu) imekuwa ndogo kwetu", "twendeni ACC (moja ya ligi kubwa nne)", "tumewafunga Oregon pointi 34, sisi siyo wadogo tena". Pointi 34! Wakati wa mapumziko ubao ulisoma 34–6. Pointi zetu nyingi zimeingia Oregon wakiwa wameshamaliza kazi yao. Mtu anapigwa hivyo, halafu anatembea kifua mbele eti kipindi cha pili alijitahidi.

Kwa wageni wa huu mpira wa kofia ngumu: James Madison (JMU) ni chuo cha umma kilichoko Harrisonburg, Virginia, mji wa watu kama 50,000 katika bonde la Shenandoah. Ni mji wenye familia za Wakongo wanaoongea Kiswahili, ndiyo maana usishangae kuona mada hii inajadiliwa kwa lugha yetu. Tulikuwa daraja la pili, FCS, tukachukua ubingwa wa daraja hilo 2004 na 2016, tukapanda daraja la juu, FBS, Julai 2022 kupitia Sun Belt. Msimu wa nne tu, tumo kwenye mtoano wa kitaifa wa timu 12. Hiyo ni kazi, sibishi. Ninachobisha ni namna mnavyousoma huo msimu.

Tuliingiaje? Kanuni ya msimu wa 2025 ilichukua mabingwa 5 wa ligi waliokuwa juu zaidi kwenye orodha ya kamati ya mtoano. Kawaida ligi kubwa nne zinabeba nafasi nne, sisi wengine wote tunagombania moja. Na hiyo moja ilikuwa ya Tulane, waliokuwa wa 20. Sisi tulikuwa wa 24. Kilichotuingiza ni Duke, timu iliyokuwa imepoteza mechi 5, kumfunga Virginia 27–20 kwa muda wa nyongeza kwenye fainali ya ACC, na kamati haikuona sababu ya kuwaweka Duke hata kwenye 25 bora, hivyo nafasi ya ACC ikatuangukia sisi. Virginia angeshinda usiku ule, tungebaki nyumbani na 12–1 yetu (kushinda 12, kupoteza 1).

Na kwa nini timu yenye 12–1 iwe ya 24? Angalieni ratiba. Nje ya ligi tulicheza na Weber State ambao ni FCS, tukaenda Liberty tukashinda 31–13, tukamkaribisha Washington State tukaponea 24–20, na mechi pekee dhidi ya timu ya ligi kubwa, Louisville, tukalala 28–14. Ukipoteza mtihani wako mmoja mgumu, unategemea wengine wafeli zaidi yako.

Sasa kiini cha hasira yangu: makocha. Everett Withers alikaa misimu miwili, akaenda Texas State. Mike Houston mitatu, na kombe la 2016 juu, akaenda East Carolina. Curt Cignetti alitupandisha daraja, akamaliza msimu wa kawaida wa 2023 na 11–1, Novemba haijaisha akawa wa Indiana. Bob Chesney rekodi yake ni 21–6 kwa misimu miwili. Alipowaongoza vijana kule Eugene tayari alikuwa kocha wa UCLA. Kocha anaingia uwanjani kwenye mechi kubwa kuliko zote katika historia ya chuo, na kazi yake mpya iko mfukoni. Sisi tunapiga makofi.

Na kocha haondoki peke yake. Cignetti alibeba wachezaji zaidi ya kumi: Aiden Fisher, Elijah Sarratt, D'Angelo Ponds, Mikail Kamara, Kaelon Black na wenzao. Indiana, timu iliyokuwa kichekesho cha Big Ten (nayo ni moja ya ligi kubwa nne), ikaenda 16–0 na kuchukua ubingwa wa taifa Januari 2026 kwa kuifunga Miami 27–21. Aliyezuia teke la Miami lililozaa tachidauni pale ni Kamara. Nusu fainali Indiana walimfunga nani? Oregon, 56–22. Mpira wa kwanza kabisa wa Oregon ulinaswa na nani? Ponds, akakimbia nao mpaka mwisho. Yaani vijana waliolelewa Harrisonburg walimfanyia Oregon kile sisi tulichoshindwa, wakiwa na jezi ya watu wengine. Kama hilo halikuumi, wewe siyo shabiki, ni mpita njia.

Uharibifu uko kwenye kalenda. Usajili wa vijana wa sekondari ulifunguliwa 3 Desemba. Fainali ya Sun Belt dhidi ya Troy ilikuwa tarehe 5, tukashinda 31–14. Mtoano tarehe 20. Dirisha la uhamisho 2 hadi 16 Januari. Kocha akisaini kwingine mwanzoni mwa Desemba, kijana wa sekondari hajui anamsainia nani, benchi la ufundi linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na mchezaji mzuri ana wiki nne za kupigiwa simu kabla dirisha halijafunguliwa. Kocha mpya akija anakuta boma limebaki na nguzo.

Dawa zipo, na hakuna hata moja inayohitaji ACC.

Fidia ya kuvunja mkataba ndiyo mnayoililia kila siku, lakini peke yake haizuii kitu. Timu ya Big Ten inalipa milioni moja au mbili bila kuhisi. Fidia yenye maana iwe nzito miaka miwili ya kwanza ndiyo ianze kushuka, na iambatane na vipengele viwili. Kimoja, kocha akiondoka na msaidizi wake ndani ya miezi 12, huyo msaidizi naye analipiwa. Cha pili, timu inayomchukua icheze nasi mechi mbili, moja kwao na moja Bridgeforth, uwanja wetu. Hapo umepata hela, na umepata ule mtihani mgumu ambao ratiba yako haina.

Mfuko wa mishahara ya wasaidizi ni muhimu kuliko mshahara wa kocha mkuu. Kocha mkuu utampoteza tu, tukubaliane. Cignetti hapa hakufikisha dola 700,000 kwa mwaka, Indiana wakampa mamilioni. Lakini mratibu wa ulinzi na kocha wa mstari wa mbele unaweza kuwabakiza kwa nyongeza ambayo chuo kinaimudu. Na meneja wa usajili awe mwajiriwa wa idara ya michezo, siyo mtu wa kocha. Orodha ya wachezaji, mazungumzo na wazazi, video, vyote vibaki Harrisonburg kocha akipanda ndege.

Halafu hela. Virginia ina sheria ya 2015 inayoweka kikomo cha pesa za ada na chuo kwenye bajeti ya michezo: FCS asilimia 70, FBS nje ya ligi kubwa 55, ligi kubwa 20. Someni hiyo namba ya mwisho mara mbili. Hapa mwanafunzi wa JMU, hata asiyejua mpira una pembe ngapi, analipa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya michezo. Mnataka ACC? Basi hiyo asilimia 55 lazima ishuke hadi 20, na pengo lizibwe na tiketi, wafadhili na televisheni. Televisheni ipi? SMU, chuo cha Dallas, ilipoingia ACC 2024 ilikubali kukaa miaka 9 bila mgawo wa televisheni, na matajiri wake wa Dallas wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja. Sisi tuna tajiri gani hapa bondeni? Zaidi ya hayo ACC ina Virginia na Virginia Tech tayari. Soko la jimbo hili wanalo, watutake sisi kwa lipi? Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Nawasilisha. Matusi wekeni pembeni, leteni hoja.

#2
Mkuu, kwenye makocha nakuunga mkono, ila unawapunja viongozi. Wale walipanda wakati mwafaka. Ada ya maombi ya kupanda FBS ilikuwa dola 5,000. Oktoba 2023 ikapandishwa hadi dola milioni 5. Siyo elfu tano, milioni tano, na bado unahitaji mwaliko wa ligi mkononi. Tungesubiri mwaka mmoja na nusu zaidi tungekuwa tunaimba nje ya geti.

Na uzi wako umeruka dhuluma kubwa kuliko zote, ile ya 2023. Tulianza 10–0, ombi letu la kuondolewa kifungo cha miaka miwili (timu iliyotoka kupanda daraja hairuhusiwi kucheza fainali wala mechi za baada ya msimu) likakataliwa, tukafungwa na Appalachian State 26–23 kwa muda wa nyongeza, na wao wakaenda fainali ya ligi ilhali sisi tulikuwa juu yao kwenye kundi. Mechi ya mwisho wa msimu tuliipata kwa sababu nafasi za mechi hizo zilikuwa 82 na timu zilizotimiza masharti 79. Tukaenda na mabaki, Cignetti ameshaondoka, tukafungwa na Air Force 31–21. Kocha gani angebaki kwenye nyumba ambayo hata akishinda haruhusiwi kula?

#3
Hoja ya kifungo naikataa, mkuu wa #2. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla hatujapanda na tuliisaini kwa macho mawili. Kanuni mbovu, ndiyo, lakini haikutuvamia usiku.

Mimi nina la uwanjani. Bridgeforth ina viti 24,877. Robo ya kwanza ni bahari ya zambarau, utepe unarushwa kila kona. Baada ya mapumziko jukwaa la wanafunzi linabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Hiyo siyo aibu ya picha tu, ina gharama. Kelele inafanya kazi kwenye jaribio la tatu la mpinzani (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10): kwotabeki, mrusha mpira wao, hasikiki, anahamia ishara za kimya, mlinzi wa mbele akitikisika kabla mpira haujatoka ni yadi 5 nyuma. Jaribio la tatu na yadi 3 linageuka la yadi 8, na hapo ndipo ulinzi wetu unapokula. Robo ya nne jukwaa likiwa nusu, hizo yadi 5 huzipati. Tiketi za wanafunzi zipewe pointi za kukaa mpaka mwisho, na anayekaa apate kipaumbele cha mechi kubwa. Haihitaji kocha wala tajiri.

#4
Tukubaliane kitu kimoja wakuu, hela za mtoano zimekwenda wapi? Nasikia milioni kadhaa.

#1
Mkuu wa #4, kuingia mtoano kunaleta dola milioni 4, lakini hundi inaandikwa kwa ligi, siyo kwa chuo. Kuna pia dola milioni 3 za gharama za raundi, ambazo ndege, hoteli na bendi huzila. Na kuanzia 2026 mkataba mpya wa mtoano unawapa Big Ten na SEC, ligi kubwa mbili, karibu asilimia 29 kila mmoja, ligi zote ndogo kwa pamoja karibu asilimia 9. Usizipangie matumizi.

#3, la wanafunzi kuondoka nimelikubali. Nilipaswa kuliweka mwenyewe.

#5
Na Billy Napier, kocha wetu mpya, mnamwonaje? Florida walimfukuza na 22–23.

#1
Florida siyo kipimo changu. Kipimo ni Louisiana, 2018 mpaka 2021: 40–12, ndani ya Sun Belt hii hii. Anajua kusajili na anaijua ligi. Shida yangu na Napier ni ile ile ya waliomtangulia. Akishinda 11, ikifika Novemba simu zitaanza kulia.

Kwa hiyo badala ya kubishana ACC, tufanye jambo moja. Chuo ni cha umma, mkataba wa kocha ni waraka wa umma. Sheria ya nyaraka ya Virginia inawapa siku 5 za kazi kujibu. Andikeni barua pepe fupi: naomba mkataba kamili wa kocha mkuu wa futiboli na viambatisho vyake, pamoja na mikataba ya waratibu wote. Msiulize maswali, ombeni waraka. Swali wanaweza kulikwepa. Ukija, tafuteni kwanza ukurasa wa fidia: kiasi, tarehe kinaposhuka, na kama wasaidizi wametajwa. Mwombaji anatakiwa awe mkazi wa Virginia.

Nani humu anaishi Virginia?