Sayansi nyumbani kwa mtoto wa miaka 6 na 8: kitabu kwanza au jaribio kwanza?

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya walimu na wazazi wanaofundisha nyumbani. Watoto wawili, miaka 6 na 8, likizo ya mwezi wa sita, nusu saa kwa siku. Tupo Dar, ghorofani, kibaraza kidogo. Sitaki kununua vifaa vya bei. Maswali yangu matatu:

1. Wasome kwanza ndipo wafanye, au wafanye ndipo wasome?
2. Maharage kwenye pamba: nusu yameoza na kunuka siku ya nne, mengine hayakuota kabisa. Kosa liko wapi?
3. Jaribio la kubadilisha rangi kwa ndimu na siki, kila mahali wanasema tumia kabichi ya zambarau. Sokoni kwetu hakuna. Mbadala?

ChakiNyeupe
Tuanze na maharage, maana ndiyo yanayokatisha watoto tamaa.

Yakioza kwenye pamba, karibu kila mara sababu ni maji kuzidi. Mbegu inayoota inapumua, na pamba ikilowa chepechepe hewa haina pa kupita. Mbegu inakufa, bakteria wanaanza kazi, ndiyo hiyo harufu. Achana na pamba. Fanya hivi:

Loweka maharage usiku mmoja, yaani kwa muda wa saa 8 hadi 12. Usiyaache siku nzima, yatakosa hewa humo humo majini. Chukua glasi ya kuonekana ndani, izungushie tishu mbili tatu kwa ndani, kisha jaza katikati tishu zilizokunjwakunjwa ili zile za pembeni zibane kwenye kioo. Ingiza maharage 5 kati ya kioo na tishu, nusu ya kimo cha glasi, yasigusane. Mimina maji yafike sentimita 1 tu chini. Tishu itayapandisha yenyewe mpaka kwenye mbegu. Kila asubuhi mtoto anaangalia: maji yakiisha anaongeza mpaka sentimita 1, yakiwepo haongezi. Usifunike.

Kwa joto la Dar mzizi hutokeza siku ya 2 hadi ya 4. Mtoto wa miaka 6 akishindwa kusubiri, tumia choroko, ambazo mara nyingi hutoa mzizi ndani ya siku moja au mbili.

Yasiyoota: angalia kwanza kama yana matundu ya wadudu, huenda kiini kimeshaliwa. Pili, maharage yaliyokaa ghalani miaka huota machache. Tatu, kuna yaliyopakwa dawa. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani hazifai kabisa kwa mikono ya mtoto, na maharage ya gunia yenye vumbi la dawa ya kuhifadhia nayo yaepuke. Tafuta ya mkulima ambayo hayajatiwa kitu. Na mtoto asiyatafune mabichi, yanaumiza tumbo vibaya.

Likiota sasa ndipo sayansi inapoanza, kwa sababu kuona mbegu imeota bado ni maonyesho tu. Tengeneza glasi tatu zinazofanana, maharage 5 kila moja: ya kwanza tishu kavu (na maharage yake usiyaloweke), ya pili kama nilivyoeleza, ya tatu maji yafunike mbegu zote. Kabla ya kumwaga maji, kila mtoto aseme zitaota ngapi na namba iandikwe. Siku ya 5 wanahesabu. Hapo watagundua wenyewe kwamba maji yakikosekana haioti, na yakizidi haioti vilevile.

Kingine kizuri kuliko vyote: mzizi ukifika sentimita 2, laza glasi ubavu (mwaga maji ya chini kwanza, na uinyunyizie tishu). Kesho yake ncha ya mzizi imeshapinda kuelekea chini. Uliza tu: “Imejuaje chini ni wapi?” Usiharakishe kujibu.

BizariNzima
Swali la 3. Kabichi si lazima, jikoni mnazo rangi mbili bora: manjano na choya (rozela, ile nyekundu ya kutengenezea juisi). Lakini kila moja ina kilema chake, na ukikijua mapema hutaaibika mbele ya watoto.

Manjano inatambua upande mmoja tu. Ikikutana na kitu chenye alkali, kama sabuni ya mche au magadi, inageuka nyekundu ya matofali. Ikikutana na ndimu inabaki njano ileile kama imekutana na maji. Ndiyo maana kanzu iliyodondokewa na mchuzi wa bizari inageuka nyekundu ukiisugua na sabuni, na watu wanadhani doa limezidi! Ikamulie ndimu, njano inarudi.

Namna ya kutengeneza: kijiko cha chai 1 cha manjano ya unga, vijiko vya chakula 3 vya spiriti ya kusafishia vidonda. Koroga, acha itulie dakika 5, mtu mzima apake rangi ya juu kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, ikauke. Spiriti inashika moto, kwa hiyo mbali na jiko, na dirisha wazi. Ukitumia maji badala ya spiriti rangi hutoka hafifu kwa sababu rangi ya manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji. Baada ya hapo watoto wanadondoshea kwa njiti ya pamba: maji ya sabuni, magadi (nusu kijiko cha chai kwenye vijiko vya chakula 4 vya maji), ndimu, siki, maji matupu. Njiti moja kwa kila kitu. Wakichanganya njiti, matokeo yote yatakuwa uongo.

Choya ndiyo inayoonyesha pande zote. Vijiko vya chakula 2 vya choya kavu, kikombe cha maji yanayochemka, dakika 10, chuja. Sasa hapa wengi wanakosea: wanaitumia ilivyo. Choya yenyewe ni chachu sana, kwa hiyo ukitia ndimu haibadiliki na ukitia soda kidogo inatoa povu na kubaki nyekundu. Izimue kwanza, sehemu 1 ya choya kwa sehemu 4 za maji, mpaka uone vidole ng'ambo ya glasi. Kisha soda ya kuokea, nusu kijiko cha chai: inaelekea zambarau, halafu kijivujivu cha bluu. Magadi: kijani, na ukiiacha dakika chache inafifia na kuwa kahawia. Basi wachore rangi papo hapo wasisubiri. Mwisho warudishe nyuma: tone la ndimu, hesabu, jingine, hesabu, mpaka wekundu urudi.

Kama maji yenu ni ya kisima chenye chokaa, choya inaweza kubadilika rangi unapoizimua tu, kabla hujatia kitu. Tumia maji ya mvua au ya chupa, au geuza hilo liwe swali: maji yetu yana nini?

ChakiNyeupe
Nakazia la njiti. Na magadi wasiyashike kwa mikono mitupu wakaenda kusugua macho.

KivuliKifupi
Mwezi wa sita mpo Dar, msiache kivuli. Hakihitaji kitu isipokuwa kijiti, rula na chaki. Kibaraza hakitafaa kama kina paa, shukeni uwanjani.

Simamisha kijiti kwenye kopo la mchanga, sentimita 50 zibaki juu, na hakikisha kimesimama wima kwa uzi wenye jiwe, kama fundi anavyotumia timazi. Kikiinama kidogo tu vipimo vyote vinaharibika. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu, kila baada ya dakika 15, weka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli na andika saa. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, na mstari wake unalala kaskazini–kusini.

Mambo mawili yatawashangaza. Kwanza, hakitakuwa kifupi kabisa saa sita kamili. Mwezi wa sita Dar ni kwenye saa sita na dakika 20 na ushee, kwa sababu saa zetu zimepangwa kwa jua la nyuzi 45 mashariki, na Dar iko nyuzi 39 hivi. Pili, kivuli kitaelekea kusini, kama sentimita 29, kwa sababu miezi hii jua lipo kaskazini mwetu. Rudieni likizo ya Desemba: kitakuwa kama sentimita 15 na kitaelekea kaskazini. Na mwanzoni mwa Machi, tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kijiti kinakosa kivuli kabisa adhuhuri.

Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinapopotosha. Vinasema jua la mchana huwa kusini. Kwao ni kweli, kwetu ni kama miezi mitano tu ya mwaka. Usikitupe kitabu. Mwache mtoto apime, kisha asome sentensi hiyo, aseme mwenyewe kama inafaa hapa.

MamaWawili
Asanteni sana, hii ya choya tumeijaribu jioni hii na imekubali. Swali la haraka: puto juu ya chupa. Tumetia siki na hamira, halikujaa hata kidogo. Tatizo siki?

BizariNzima
Tatizo hamira, dada. Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya kwa majina. Soda ya kuokea ndiyo inayotakiwa na siki. Hamira ya unga ya keki ina soda pamoja na tindikali yake na wanga, kwa hiyo gesi inatoka lakini kidogo. Hamira ya chengachenga ni vijidudu hai, na siki haivisaidii chochote.

Kwa siki: chupa ya nusu lita, siki ya 5% mililita 100, soda kijiko cha chai kimoja na nusu ndani ya puto kwa faneli ya karatasi. Puto lipulizwe kwa mdomo mara mbili kwanza lilegee. Livishe mdomo wa chupa, mmoja ashike shingo, mwingine ainue puto soda imwagike. Kuongeza soda zaidi ya hapo hakusaidii, siki imeshakwisha na unga utaonekana umebaki chini. Kamwe msifunge kizibo, chupa inaweza kupasuka.

Kwa hamira ya chengachenga: kijiko cha chai 1, sukari vijiko 2, maji ya uvuguvugu mililita 150, puto. Subirini nusu saa hadi saa nzima. Weka chupa ya pili isiyo na sukari, na ya tatu ambayo hamira imemwagiwa maji yanayochemka. Ya tatu haitafanya kitu, imekufa. Kwangu hilo ni somo bora kuliko la siki, ambalo linaishia kwenye “wow”.

KurasaKumiNaSita
Swali la kwanza halijajibiwa sawasawa. Wengi watakwambia jaribio kwanza. Kwa wa miaka 6 nakubali: afanye, kisha umsomee, kisha arudi kuangalia tena. Kwa wa miaka 8 anayesoma mwenyewe, mpe nusu ukurasa kabla, ila maneno na picha tu, jibu asilione. Mtoto asiyejua neno “ganda” au “kiini” ataangalia haragwe lililopasuka asione kama lina sehemu. Maneno manne kwa wiki yanatosha. Usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) utakuja baadaye.

Vya kusoma kwa Kiswahili bila malipo: African Storybook na StoryWeaver wana vitabu vya picha vya kupakua na kuchapa, vipo vya wanyama, mimea na maji. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Sayansi ya darasa la tatu inamtosha huyo wa miaka 8.

Ila kitabu cha maana zaidi ni watakachotengeneza. Karatasi 4 za A4 kunja katikati, bana pini mbili kwenye mkunjo, una kurasa 16. Ukurasa mmoja kwa siku: tarehe, mchoro, kipimo kimoja, sentensi moja. Wa miaka 6 anachora na kukutajia sentensi uandike maneno yake kama alivyosema, hata akisema “haragwe limetoa mkia”. Usimsahihishie. Siku tatu baadaye msomee tena, mara nyingi atajisahihisha mwenyewe.

Na chunguzeni maelezo kabla ya kuyasoma kwa sauti. Mfano ule wa mshumaa kwenye sahani ya maji unaofunikwa kwa glasi: vitabu vingi vinasema maji yanapanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyoungua. Angalieni vizuri, maji yanapanda kwa kasi pale moto unapozimika, na mwanzoni viputo hutoka ukingoni. Sababu kubwa ni hewa iliyopashwa moto, ikatanuka, nyingine ikatoroka, kisha iliyobaki ikapoa na kusinyaa.

MamaWawili
Mshumaa mmoja na mishumaa mitatu, glasi ileile. Maji yatapanda sawa?

KurasaKumiNaSita
Waulize wao kwanza, andika namba zao, halafu washa. Sahani bapa, maji ya kimo cha sentimita 1, tia rangi ya choya yaonekane, na kiberiti ushike wewe.