Kampuni imebadili muundo, sasa nina mabosi wawili. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni.

Niko stoo kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar. Zamani nilikuwa naripoti kwa meneja wa tawi, basi. Wamefungua matawi mikoani, wakaleta muundo mpya: kwenye chati mstari mzito (wa bosi wa moja kwa moja) unaenda kwa meneja wa tawi, wa nukta nukta (wa bosi wa pembeni) kwa mkuu wa ugavi makao makuu. Meneja wa tawi anataka mzigo utoke leo, wa ugavi anasema usitoke bila kibali chake. Nikimtii mmoja, mwingine anataka nijieleze kwa maandishi. Cheo kimebadilika jina, mshahara uleule, na minong'ono ya kupunguza watu imeanza. Naombeni ushauri.

Mswahili wa Temeke: Anza kutuma CV, ndugu yangu. Hizo nukta nukta ni za kukuchorea mlango wa kutokea 😂

Mama Wawili: Pole. Hao wanavutana wao kwa wao, wewe uko katikati. Meneja wa tawi anapimwa kwa mauzo, wa ugavi kwa gharama na upotevu wa mali. Hawawezi kutaka kitu kimoja. Andika barua pepe moja, wote wawili waione: maagizo yakigongana, la nani linasimama? Uliza pia nani atakufanyia tathmini ya mwaka. Mwenye tathmini ndiye bosi, mwingine ni mgeni mheshimiwa.

Kabwela: Usije ukaacha kazi kwa hasira, kiinua mgongo utakikosa. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 15: masharti yako ya kazi yakibadilika, mwajiri ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Cha 38: kabla ya kupunguza watu watoe taarifa ya nia yao, waeleze sababu na mshauriane watu watachaguliwaje. Ukipunguzwa, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Wakikuachisha isivyo halali, una siku 30 kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Wengi huzimaliza wakimbembeleza HR.

Mleta mada: Asanteni sana. Sasa wameniletea maelezo mapya ya kazi, wanataka nisaini kesho.

Mama Wawili: Omba siku mbili uyasome. Tafuta palipoandikwa "anaripoti kwa". Kama pana vyeo viwili, kalamu ikae mfukoni mpaka wajibu ile barua pepe.