Kochi la mahameli, la ngozi au la kitambaa cha kufuma: lipi litahimili nyumba yenye wanyama?

Zuhura_K: Habari zenu wakuu. Nabadilisha kochi la sebuleni, na fundi anataka jibu wiki hii. Nimebakiwa na machaguo matatu: mahameli, ngozi halisi, au kitambaa cha kufuma chenye nyuzi nene. Rangi nawaza krimu. Nyumbani kuna wanyama. Lipi litadumu?

FundiMbao: Dada, wanyama gani? Paka na mbwa hawaharibu kwa namna moja. Wangapi? Wanalala ndani? Manyoya rangi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BabaSimba: Ngozi. Mate, tope, manyoya, unapitisha kitambaa chenye unyevu basi. La kwangu lina mikwaruzo ya mbwa na linazidi kupendeza.

PakaShume: Ngozi kwa mwenye paka? Ukucha ukizama pale, tundu halizibiki. Chukua mahameli. Nyuzi zake ni fupi, zimesimama na zimekatwa ncha, hakuna kitanzi cha kunasa ukucha, kwa hiyo paka wengi hawaoni raha ya kukwaruza. Manyoya yataonekana, sikatai.

Rehema_Tulivu: Cha kufuma usikiguse, nakuomba. Muuzaji alituapia kuwa ni imara. Paka wetu akajinyoosha kwenye mkono wa kochi, ukucha ukaingia kwenye kitanzi cha uzi na kugoma kutoka. Akaruka chini, mguu mmoja ukabaki juu umenasa, huku analia sauti sijawahi kuisikia. Nikamfunika taulo asiniume, mume wangu akakata uzi kwa mkasi wa jikoni. Ukucha ulikuwa umeng'oka nusu, damu imetapakaa kwenye mto. Daktari wa mifugo akaumalizia na kumfunga bandeji. Muuzaji alipopigiwa simu akasema kitambaa hakina tatizo, tatizo ni paka. Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Zuhura_K: Pole sana dada Rehema. Ni paka wawili, mmoja mweusi tii, na mbwa mzee anayelala ndani. Siku hizi mkojo unampitia usingizini.

FundiMbao: Hapo swali limekuwa jingine kabisa! Mkojo ukishaingia kwenye sponji, kitambaa cha juu hakikusaidii. Fundi akushonee mito yenye kava la zipu linalofulika, na sponji ivishwe kitambaa kisichopitisha maji. Usafishe kwa dawa ya vimeng'enya (enzyme), ile inayovunjavunja mkojo wenyewe. Yenye amonia achana nayo, inanukia kama mkojo na inaweza kumrudisha palepale. Na usimwage klorini juu ya mkojo, inatoa gesi mbaya. Huyo mzee pia apelekwe kwa daktari, mara nyingi hali hiyo ina dawa.

BabaSimba: Lakini kwa nini wapande kochi? Wafundishwe kukaa chini.

PakaShume: Mbwa sawa. Paka kukwaruza si utundu: anavua gamba kuukuu la ukucha na kuacha harufu yake. Mpe nguzo iliyozungushiwa kamba ya mkonge, isiyoyumba, ndefu kiasi cha kujinyoosha mwili mzima, na uiweke ubavuni mwa kochi. Ukiificha chumba cha nyuma hataitumia.

Mgeni_Kimya: Jirani anasema paka atolewe kucha, mambo yaishe.

Rehema_Tulivu: Hapana jamani! Huko ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Uingereza ni marufuku.

Mgeni_Kimya: Sikujua, asante. Na maua ya yungiyungi (lily) mezani yana shida? Yanapendezesha sebule.

PakaShume: Yatoe leo hii. Chavua ikimdondokea kwenye manyoya akajilamba, figo zinaweza kufa. Hata maji ya chombo ni sumu kwake. Akishagusa usingoje dalili, kimbia kwa daktari.

Zuhura_K: Nimeshaenda kukagua kila chungu cha maua hapa. Krimu naiacha, nafikiria rangi ya kijivu. Ila kati ya mahameli na ngozi bado sijaamua, maana mbwa naye anachimbachimba kabla ya kulala.

BabaSimba: Ngozi nene haimwogopi huyo.

FundiMbao: Anachimba kwa nguvu kiasi gani? Tuwekee picha ya kochi la sasa.