Antibiotiki mpya "si duni" kuliko ya zamani: tuiamini kwa maambukizi ya upasuaji?

Swali
Wakuu, nina ripoti ya majaribio ya antibiotiki mpya kwa maambukizi ya ndani ya tumbo, mengi yakiwa ya baada ya upasuaji. Inadai dawa "si duni" kuliko meropenemu, antibiotiki ya zamani: waliopona ni asilimia 82 dhidi ya 84. Je, yatosha kuiingiza kwenye mwongozo wa wodi? Nianze kukagua wapi?

Jibu la 1
Anza na usaha, mkuu, asilimia baadaye. Jipu likishafunguliwa vizuri na utumbo uliotoboka ukazibwa, wengi watapona hata kwa dawa ya wastani. Lisipofunguliwa, dawa kali nayo itashindwa. Kwa hiyo tafuta panapoelezwa nani aliamua kwamba usaha umetolewa wote, na kama alijua mgonjwa yuko kundi gani. Kisha hesabu wagonjwa wa kidole tumbo, maana hao hupona kirahisi. Wakizidi nusu, ripoti inakuambia machache mno kuhusu mzee ambaye mshono wa utumbo wake umeachia siku ya 5.

Kagua pia kama kupona kumepimwa siku ileile kwa wote (mara nyingi ya 28 hivi tangu kugawanywa makundi), na kama aliyerudishwa chumba cha upasuaji au kuongezewa antibiotiki nyingine amehesabiwa kuwa hakupona.

Jibu la 2
Naongezea hesabu. Tazama ncha ya chini ya wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani masafa ambamo tofauti halisi kati ya makundi huenda ipo. Kwa maambukizi haya mpaka unaotumika sana ni pointi 10: ncha hiyo isishuke chini ya -10, la sivyo dawa haiwezi kuitwa "si duni". Tofauti ya -2 yenye wigo wa -7.5 hadi 3.5 imepita, tofauti ileile yenye wigo wa -11 hadi 7, kwa sababu wagonjwa ni wachache, haijapita.

Kuna mtego hapa: katika majaribio ya namna hii uzembe huyafanya makundi yafanane. Dozi zikirukwa, dawa dhaifu inapenya. Ndiyo maana matokeo ya wote waliogawanywa na ya waliofuata utaratibu hayana budi kukubaliana.

Muulizaji
Asanteni. Naona sampuli zilichukuliwa kwa kupangusa kidonda na pamba. Ni tatizo?

Jibu la 3
Kubwa. Pamba huokota bakteria wa juu ya ngozi. Inatakiwa usaha uliovutwa kwa sindano kutoka ndani, au kipande cha nyama, usiingie hewa, ufike maabara upesi. La sivyo Bacteroides fragilis, bakteria wa utumbo asiyependa hewa, hufa njiani, na dawa isiyomgusa itaonekana imefagia kila kitu.

Halafu fungua jedwali la vifo kabla ya lile la kupona. Antibiotiki tigesaiklini ilipita majaribio ya maambukizi ya tumbo, lakini mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiwekea onyo lake zito kabisa, baada ya majaribio yaliyojumlishwa kuonyesha vifo vingi zaidi kwa walioitumia.