Wakuu, nyanya zangu za uani hapa Uyole zinaungua majani. Nifanyeje?

BintiUyole:
Habari za humu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Nyuma ya nyumba nina bustani ndogo, nimepanda nyanya aina ya Tanya, za mboga ya nyumbani tu. Zilianza vizuri mno, shina nene, kijani kimekolea. Mvua ilipopamba moto ndio balaa likaanza: majani yana mabaka kama yamemwagiwa maji ya moto, siku mbili tatu yanakauka meusi. Shina nalo lina baka la kahawia. Vitunda vimeanza kuota kidonda kigumu begani. Duka la pembejeo waliniuzia dawa ya wadudu, nimepulizia, wapi! Jirani anasema ni kantangaze, mama mkwe anasema nimwagie majivu. Nishike lipi?

MzeeWaKitalu:
Pole dada. Kantangaze siye. Huyo anachimba ndani ya jani. Ukiliinua juani unaona njia nyeupe na kiwavi mdogo humo ndani, na tunda linakuwa na vitundu karibu na kikonyo. Ulichoeleza ni bakajani chelewa, yaani ukungu, na dawa ya wadudu haiui ukungu hata ukimwaga ndoo nzima. Kesho alfajiri, umande ukiwa bado upo, geuza jani lenye baka. Ukikuta utando mweupe upande wa chini, pembezoni mwa baka, basi ndio wenyewe. Ugonjwa huohuo ndio unaomaliza viazi mviringo. Majirani wamelima viazi?

BintiUyole:
Shikamoo mzee. Viazi vipo ukuta kwa ukuta, si unaijua Uyole. Halafu hapo nilipopanda msimu uliopita palikuwa na viazi, na vingine vimejiotea katikati ya nyanya.

ChekiBobMwanjelwa:
Dada shuka sokoni Mwanjelwa, nunua sado moja ya nyanya, nenda kalale 😂

MzeeWaKitalu:
Marahaba. Hivyo vilivyojiotea vyote ng'oa leo, ndivyo vinavyofuga ugonjwa. Miche iliyoungua shina usiionee huruma, ing'oe, fukia mbali au choma. Usiitupe kwenye lundo la mboji. Iliyobaki kata majani ya chini yanayogusa udongo, simika miti, funga kwa kamba, upepo upite. Ukungu huu unataka baridi na jani lililolowa kwa saa nyingi, na Mbeya mwezi huu vyote viwili tunapewa bure. Kama unamwagilia siku mvua isiponyesha, mwagilia asubuhi, maji yaende shinani, sio juu ya majani. Majivu ya mama mkwe weka kwenye udongo kwa kiasi, hayatibu hili.

MnyalukoloIlula:
Kamwene wakuu. Niongeze kutoka Ilula, huku nyanya ndio ada za watoto. Dawa za mankozebu ni za kinga. Zinakaa juu ya jani kuzuia, jani likishaoza hazilirudishi. Za kuingia ndani ya mmea, zile zenye metalaksili, zinasaidia ugonjwa ukiwa mchanga, ila usizirudie mfululizo, ukungu unazizoea. Pulizia mpaka chini ya majani, na usome kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Watu wa bustani za nyumbani ndio wanaoongoza kwa kupuliza asubuhi na kuchuma kachumbari jioni!

FundiBustani:
Kwa maoni yangu dawa kwa nyanya za uani ni kujichosha. Simamisha nguzo, weka nailoni ngumu juu kama paa, pembeni acha wazi. Mvua isipogusa majani umemaliza nusu ya kazi. Mimi masika sipandi nje kabisa.

MnyalukoloIlula:
Paa sikatai, ila nailoni nayo ni hela, na upepo wa Mbeya mnaujua. Kwangu mimi dawa kubwa ni kalenda. Dada, msimu huu okoa unachoweza. Mwanzoni mwa Julai sia mbegu kwenye kitalu, usiku funika, baridi ya huko inachelewesha uotaji. Agosti hamishia bustanini, maji ni ya kumwagilia. Utaanza kuchuma Oktoba kuelekea Novemba, mvua hazijakolea. Ila isiwe kwenye tuta lilelile! Palipokaa viazi, hoho au bilinganya, nyanya zisifuate. Hapo weka maharage au kabichi.

BintiUyole:
Nimegeuza jani leo alfajiri, utando upo kama mzee alivyosema. Nimeng'oa iliyozidiwa pamoja na viazi. Jamani, swali la mwisho: kuna matunda mawili yana kitako cheusi, kimebonyea. Ni ukungu huohuo?

MzeeWaKitalu:
Hapana, huo sio ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi ipo udongoni ila maji yanakwenda kwa kushtukiza, leo mafuriko kesho ukame. Tandaza nyasi kavu shinani, maji yawe ya kiasi kilekile, na punguza mbolea ya kukuzia. Maganda ya mayai watakwambia humu, lakini yanachukua muda mrefu kuoza. Hayo mawili chuma utupe, yanayofuata yatakuja mazima.

BintiUyole:
Ndaga fijo mzee wangu, na wote. ChekiBob, sado imepanda bei, nimetoka huko huko 😅